Fuwele nano: jinsi dawa isiyoyeyuka inavyosagwa mpaka ifike kwenye damu

Ukinunua dawa ya malaria Nairobi, iwe ni River Road au Kawangware, mfamasia anayejua kazi yake atakuambia jambo moja kabla hujatoka dukani: meza na maziwa, au baada ya chakula chenye mafuta. Wengi hudhani maziwa ni ya kulinda tumbo. Sivyo. Maziwa yapo kwa sababu nusu ya dawa ile haiyeyuki majini.

Dawa yenyewe ni AL, yaani artemeta na lumefantrini, ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Kila tembe ina miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza tembe 4 kwa mpigo, mara 6 kwa siku 3, kwa hiyo kila mara anaingiza tumboni miligramu 480 za lumefantrini. Kwa mujibu wa maelezo ya Coartem, mojawapo ya chapa za AL, mlo wenye mafuta mengi huongeza lumefantrini inayofika kwenye damu takriban mara 16 ikilinganishwa na tumbo tupu. Mgonjwa aliyerudi na homa kutoka Busia au Kilifi, akameza tembe zote kwa maji matupu, anaweza kubaki na vimelea huku pakiti ikiwa tupu. Dawa ilikuwa nzima. Ilipita tu utumboni ikatoka na choo.

Tatizo hili si la lumefantrini peke yake. Griseofulvini ya mapunye, itrakonazoli ya fangasi, fenofibreti ya mafuta ya damu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI zote ni molekuli zinazopenda mafuta na kuyakimbia maji. Njia mojawapo ya kuzisaidia, na ambayo imefika madukani duniani kwa zaidi ya miaka 20, ni kuzisaga hadi ziwe fuwele nano: vipande vya dawa yenyewe, visivyo na ganda wala kibebeo, vyenye upana chini ya nanomita 1,000, kwa kawaida 100 hadi 400. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 50,000 hivi au zaidi.

Makala nyingi huishia hapo na kusifu udogo. Lakini udogo hutibu tatizo moja na kuliacha lingine palepale, na anayeyachanganya hayo mawili atapoteza miezi maabara.

Kasi ni jambo moja, kikomo ni jingine

Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza kugawa dawa za kumeza katika makundi 4 kwa vigezo viwili: inayeyuka kiasi gani, na inapenya ukuta wa utumbo kiasi gani. Kundi la pili ni la dawa zinazopenya vizuri lakini haziyeyuki. La nne hushindwa yote mawili. Kipimo cha kuyeyuka ni rahisi kukumbuka: dozi kubwa kabisa ya dawa hiyo lazima iyeyuke yote katika mililita 250 za maji ya nyuzi 37, kwa pH yoyote kuanzia 1 hadi 6.8. Mililita 250 ni glasi moja ya maji, ile wanayopewa watu wa kujitolea kwenye majaribio ya dawa.

Sasa chukua dawa ya dozi ya miligramu 100 ambayo mililita moja ya maji huyeyusha miligramu 0.01 tu. Kuimaliza dozi hiyo kunahitaji lita 10, nusu ya mtungi wa lita 20 unaosukumwa na muuza maji kwenye mkokoteni. Hakuna tumbo lenye nafasi hiyo. Hata hivyo dawa kama hiyo inaweza kuingia damuni vizuri, kwa sababu utumbo si chombo kilichofungwa. Kila kinachoyeyuka hufyonzwa, na kikifyonzwa huacha nafasi ya kingine kuyeyuka. Swali linakuwa: je, dawa inayeyuka haraka ya kutosha kujaza nafasi hiyo katika saa 3 au 4 inazopita kwenye utumbo mwembamba?

Hiyo ndiyo kasi. Kikomo ni kile kiwango cha juu kabisa ambacho maji ya utumbo yanaweza kukibeba kwa wakati mmoja. James Butler na Jennifer Dressman waliligawa kundi la pili kwa msingi huohuo mwaka 2010: upande mmoja dawa zinazokwamishwa na kasi, upande wa pili zinazokwamishwa na kikomo. Fuwele nano ni dawa ya kasi. Kikomo hukisogeza kidogo mno.

Kwa nini kasi? Kanuni yake ilitolewa na Arthur Noyes na Willis Whitney mwaka 1897, wakipima asidi ya benzoiki na kloridi ya risasi. Kila chembe iliyo majini huzungukwa na tabaka jembamba la maji yaliyokwisha kushiba dawa. Molekuli lazima zivuke tabaka hilo ndipo zifike kwenye maji huru. Kasi ya kuyeyuka hupanda eneo la uso likipanda, na hupanda pia tabaka lile likiwa jembamba. Kusaga huongeza eneo, na kwa chembe ndogo tabaka nalo hupungua, kwa kuwa unene wake hukaribia nusu ya upana wa chembe yenyewe. Faida inakuja kwa milango miwili.

Hesabu ya eneo inafaa kufanywa kwa mkono mara moja. Tuseme dawa ina uzito wa gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kama zilivyo nyingi za aina hii, na chembe zake ni duara. Zikiwa na upana wa mikroni 10 (mikroni moja ni nanomita 1,000), gramu moja ina uso wa mita za mraba 0.46. Zikiwa na nanomita 200, gramu hiyohiyo ina mita za mraba 23. Kwa dozi ya miligramu 480, eneo linatoka kwenye kurasa tatu na nusu za A4 na kufika mita za mraba 11, zaidi ya sakafu nzima ya chumba cha futi 10 kwa 10. Chembe moja ya awali imezaa chembe 125,000.

Na kikomo? Ni kweli kwamba uso uliopinda sana huachilia molekuli kwa urahisi zaidi, hivyo chembe ndogo huyeyuka kupita kiwango cha kawaida. Lakini ukiweka namba za kawaida kwenye mlinganyo wa Ostwald na Freundlich, kwa molekuli yenye uzito wa 500 na chembe ya nanomita 200, ongezeko linatoka asilimia 16 hivi. Ukishuka hadi nanomita 100 unapata asilimia 35 hivi. Anayetangaza kwamba kusaga kumeongeza umumunyifu mara 10, mara nyingi amepima chembe zilizopenya chujio akazihesabu kama dawa iliyoyeyuka. Tutalirudia kosa hilo, maana linajirudia sana.

Ushahidi wa madukani

Wazo la kusaga ni la zamani. Miaka ya 1960 griseofulvini iliposagwa hadi mikroni chache, dozi yake iliweza kupunguzwa nusu. Lakini mashine za hewa zinazosaga dawa kavu hukwama kwenye mikroni 2 au 3. Kuvuka hapo kulihitaji kusaga ndani ya maji.

Jaribio linalotajwa kila mara ni la Gary Liversidge na Kenneth Cundy, mwaka 1995, kwa mbwa. Danazoli, dawa ya homoni, ikiwa ya kawaida yenye chembe za mikroni 10, ilifikisha kwenye damu asilimia 5.1 ya dozi. Iliposagwa hadi nanomita 169, asilimia 82.3. Molekuli ni ileile, dozi ni ileile. Danazoli ilikuwa mfungwa wa kasi, ndiyo maana ilifunguka namna hiyo.

Kwa binadamu, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani ilikuwa tembe ya Rapamune, mwaka 2000, yenye sirolimasi ya kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa. Ikafuata Emend ya kuzuia kutapika mwaka 2003, na Tricor mpya ya fenofibreti mwaka 2004. Historia ya fenofibreti inasoma kama ngazi: miligramu 300 za unga wa kawaida, kisha 200 za unga wa mikroni, kisha 160, kisha 145 za fuwele nano, zote zikilenga kiasi kinachokaribiana kwenye damu. Muhimu zaidi ya hizo miligramu zilizookolewa, ile ya 145 humezwa na chakula au bila chakula. Kwa mgonjwa hilo ni jambo kubwa kuliko namba. Mtu anayekula mlo mmoja kwa siku, au anayefunga Ramadhani, hapaswi kupata dawa nusu kwa sababu ya ratiba ya chungu.

Hapa pana onyo kwa walio nyuma ya kaunta. Miligramu 145 na miligramu 200 za fenofibreti si nguvu mbili za kitu kimoja kwamba moja ni dhaifu na nyingine kali. Ni maumbo mawili tofauti. Kubadilisha moja kwa nyingine kwa kukisia, kwa sababu ile iliyoandikwa imeisha rafuni, ni kubadilisha dozi bila kujua.

Kusaga, hatua kwa hatua

Zipo njia tatu kuu. Mojawapo ni kuyeyusha dawa kwenye kimiminika kama asetoni, kisha kuimwaga ghafla kwenye maji baridi ili ijifume upya kuwa fuwele ndogo. Ni rahisi kuanza na ngumu kumaliza: fuwele huendelea kukua, na mabaki ya asetoni lazima yaondolewe na kupimwa. Nyingine ni kuisukuma kwenye upenyo mwembamba kwa shinikizo la bar 1,500 hivi, mara 20 au zaidi. Chembe kubwa zikiingia, upenyo unaziba. Bidhaa nyingi zilizo sokoni hutengenezwa kwa ya tatu, kinu cha shanga, na ndiyo inayofaa maabara isiyo na bajeti kubwa, kwa sababu umbo lake dogo kabisa ni chupa inayobingirika juu ya roli mbili.

Kwa chupa ya kioo kinene ya mililita 100, weka shanga za zirkonia, aina ya kauri ngumu, zilizoimarishwa kwa itria, upana wa milimita 0.5, zijaze nusu ya chupa. Hizo ni gramu 185 hivi. Zirkonia ni nzito, ingawa haifikii chuma, na uzito huo ndio unaovunja fuwele. Kisha andaa gramu 30 za mchanganyiko: gramu 3 za dawa, gramu 0.6 za HPMC ya unato mdogo (polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, itokanayo na selulosi), gramu 0.03 za sodiamu laurili salfeti, na maji gramu 26.37.

HPMC ina tabia yake. Ukiimwaga kwenye maji baridi hufanya madonge, kama unga wa uji uliotiwa bila kukorogwa: nje ute, ndani unga mkavu. Itawanye kwanza kwenye theluthi moja ya maji yaliyofika nyuzi 80, ambamo haiyeyuki, kisha ongeza maji baridi huku ukikoroga. Iache usiku kucha friji ilainike na mapovu yatoke. Sodiamu laurili salfeti tia mwishoni, polepole, maana ni sabuni na itatoa povu. Povu si suala la usafi tu: hukaa kati ya shanga kama godoro na kuzizuia zisigongane.

Dawa nayo ilowekwe kabla ya kuingia kwenye chupa. Unga unaokimbia maji utaelea juu hata ukikoroga nusu saa. Weka unga kwenye kinu cha mkono, ongeza matone machache ya myeyusho, sugua hadi upate uji mzito usio na sehemu nyeupe kavu, kisha ongeza uliobaki kidogo kidogo.

Mwendo wa roli una hesabu. Chupa yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 ikizunguka mara 190 kwa dakika, shanga hunata ukutani na kuzunguka nayo bila kuanguka, hivyo hakuna kinachosagwa. Ukienda polepole mno, zinateleza chini kama mchanga. Asilimia 60 ya mwendo ule, mizunguko 115 hivi, huzifanya zipande na kuporomoka. Chukua sampuli baada ya saa 6, 24, 48 na 72. Ukubwa hushuka haraka mwanzoni, kisha unasimama. Ukiona saa 48 na 72 zinatoa jibu moja, acha. Zaidi ya hapo unasaga shanga, si dawa, na zirkonia inayobanduka itabidi uipime kwenye bidhaa.

Vinu vikubwa vyenye mkono unaozunguka humaliza kazi hiyo kwa saa moja au mbili, lakini vinatoa joto. Fenofibreti huyeyuka kwa moto wa nyuzi 80 hivi, ibuprofeni 76. Hata kabla ya kufika huko hulainika na kunata kwenye shanga. Ndiyo maana kinu huvaa koti la maji baridi, na ndiyo maana stima ikipotea katikati ya kazi, kama inavyotokea Industrial Area, kosa la kawaida ni kuwasha kinu mara tu umeme unaporudi huku kipozaji bado kikipambana kushuka. Subiri maji ya koti yafike nyuzi 10, ndipo uwashe.

Kwa jicho tu unaweza kujua unaelekea wapi. Chukua mrija wa kioo wenye tone la saspensheni, yaani ule mchanganyiko wa fuwele zinazoelea, kwenye maji, uushike dirishani. Chembe za mikroni huonekana nyeupe butu kama maji ya chokaa na hushuka chini baada ya dakika chache. Zikikaribia nanomita 200, kingo za kimiminika hupata ubuluu hafifu, na mwanga unaopita katikati huwa na wekundu wa chai. Hilo halichukui nafasi ya mashine ya kupima, lakini linaokoa safari ya kupeleka sampuli ambayo haijaiva.

Yanayoharibika

Uso mkubwa ndio faida, na ndio adui pia. Fuwele zilizosagwa zinataka kurudiana. Molekuli za polima hushika uso na kuwa kama nywele zinazozuia chembe zisikaribiane. Sabuni huipa kila chembe chaji hasi ili zisukumane. Polima kwa kawaida huhitaji miligramu 1 hadi 3 kwa kila mita ya mraba. Gramu zetu 3 zikifika nanomita 200 zina mita za mraba 69, kwa hiyo tunahitaji miligramu 69 hadi 207 za polima usoni, na tuliweka 600. Ziada hiyo inatosha. Ukishuka hadi nanomita 100, hitaji linaongezeka mara mbili. Zetu 600 bado zinatosha, lakini fomula isiyo na ziada kama hiyo inaweza kuanza kuganda bila wewe kubadilisha chochote ila muda wa kusaga.

Chaji peke yake haitoshi. Chumvi huizima. Maji ya visima virefu vya Nairobi yana chumvi nyingi, na maabara ikitumia maji ambayo chujio lake limechoka, saspensheni iliyokuwa nzuri wiki jana itafanya vipande kama maziwa yaliyokatika. Pima upitishaji umeme wa maji kabla ya kulaumu polima. Tumbo lenyewe nalo ni asidi yenye chumvi. Fomula inayotegemea sabuni tupu hupita vipimo vyote kwenye chupa, kisha inaganda dakika ya kwanza ikikutana na asidi. Itie kwenye asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1, nyuzi 37, nusu saa, upime ukubwa tena. Jaribio hilo halihitaji mashine mpya wala ruhusa ya mtu.

Kuna uharibifu wa polepole zaidi: fuwele ndogo huyeyuka na kujenga zile kubwa. Ni ileile asilimia 16 tuliyoiona, sasa inafanya kazi kinyume nasi. Joto likipanda mchana, dawa kidogo huyeyuka. Usiku ukipoa, hurudi kuganda juu ya fuwele kubwa. Katoni ndani ya gari lililoegeshwa juani, kisha ghala la baridi ya Julai, siku baada ya siku, ni pampu ya kukuza fuwele. Sabuni nyingi huzidisha, kwa kuwa hubeba dawa kutoka fuwele moja hadi nyingine. Anayeona chembe zinakua kisha akaongeza sabuni, anamwaga mafuta motoni.

Kwa sababu hiyo saspensheni nyingi za kumeza hukaushwa. Katika Emend, saspensheni hunyunyizwa juu ya punje ndogo za selulosi pamoja na sukari, kisha punje zinatiwa kwenye kapsuli. Kwenye Rapamune hupakwa juu ya kiini cha tembe, na ndiyo maana tembe hiyo haivunjwi wala haisagwi. Njia nyingine ni kukausha kwa kugandisha, ukitanguliza manitoli au trehalosi ili sukari ikae kati ya fuwele kama majani kati ya mayai. Mtihani ni mmoja: tia unga mkavu kwenye maji, tikisa kwa mkono, pima. Ukubwa mpya ukigawanywa kwa ule wa kabla ya kukausha unapaswa kukaribia 1. Ukipata 3, umerudisha unga wa kawaida kwa gharama ya juu.

Kupima bila kujidanganya

Mashine ya leza inayopima chembe zinavyotetemeka inataka sampuli nyepesi sana. Ukiipunguza kwa maji safi, fuwele ndogo zitayeyuka ukiwa unasubiri zamu, na jibu litasema chembe zimekua. Punguza kwa maji yaliyokwisha kushibishwa dawa hiyohiyo na kuchujwa. Mashine hiyo pia inaweza kuzikosa chembe chache kubwa zilizojificha kati ya ndogo nyingi. Tone moja chini ya hadubini, ukuzaji wa mara 400, mwanga uliochujwa ili fuwele zing'ae, litakuonyesha kile ambacho wastani umekificha. Na kwa kuwa kusaga kunaweza kuvuruga mpangilio wa fuwele ukapata dawa isiyo na umbo, ambayo itageuka tena rafuni, pima kwa eksirei kabla na baada.

Sasa lile kosa la chujio. Jaribio la kuyeyuka hufanywa kwenye chombo cha maji kinachokorogwa. Kila baada ya dakika kadhaa huchukuliwa sampuli, inachujwa, kisha dawa iliyopita inapimwa. Chujio lililozoeleka ni la mikroni 0.45. Fuwele ya nanomita 200 hupita humo kama kuku katika lango la ng'ombe. Kwenye mashine ya kupima huyeyushwa na kiyeyushi, na inahesabiwa kuwa iliyeyuka ndani ya chombo. Grafu inapanda hadi asilimia 100 katika dakika 5, na kila mtu anafurahi. Tumia chujio la mikroni 0.1 au 0.02, au kitambuzi cha mwanga kinachopima ndani ya chombo, na kwanza jaribu chujio lenyewe kwa saspensheni ambayo unajua haijayeyuka. Kwa viwanda vyetu vinavyotaka kuingia kwenye eneo hili, hapo ndipo pesa za kwanza ziende, kabla ya kinu.

Ambapo kusaga hakusaidii

Dawa yenye asili ya besi dhaifu, kama itrakonazoli, huyeyuka kwa kiasi kwenye asidi ya tumbo, kisha hujitenga tena inapoingia utumboni ambako asidi imepungua. Inayojitenga pale haina ukubwa uliousaga wewe, inajitengenezea wake. Dawa inayoharibiwa na ini kabla ya kuzunguka mwilini haiponywi kwa kusagwa. Dozi kubwa ya dawa iliyofungwa na kikomo itafika ukutani haraka zaidi, na kubaki hapo. Kwa hizo, mafuta, sabuni za nyongo au dawa isiyo na fuwele iliyoshikwa ndani ya polima ni njia bora.

Na wakati mwingine kutoyeyuka ni jambo jema. Albendazoli inayotolewa shuleni ifanye kazi ndani ya utumbo, waliko minyoo. Haina haja ya kukimbilia damuni. Lakini ikitumika kwa uvimbe wa tegu kwenye ini, humezwa na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe.

AL iliyo madukani Nairobi si fuwele nano. Kwa hiyo maziwa bado ni sehemu ya dozi.

Sindano ya miezi 2

Mahali ambapo fuwele nano zimebadilisha mambo zaidi Afrika si kwenye tembe. Ni kwenye kabotegraviri ya sindano ya kuzuia virusi vya UKIMWI, iliyojaribiwa kwa wanawake katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022. Hapa kutoyeyuka ndiko kunakotafutwa. Kabotegraviri ya kumeza hupungua nusu mwilini kwa saa 41 hivi. Fuwele zake zikichomwa kwenye msuli wa tako, miligramu 600 katika mililita 3, hukaa pale zikiyeyuka kidogo kidogo, na muda wa kupungua nusu unakuwa wiki 5.6 hadi 11.5. Sindano mbili za kwanza huachana mwezi mmoja, kisha moja kila miezi 2. Si kila sindano ya muda mrefu imetengenezwa hivi: lenakapaviri ya miezi 6 ni mmumunyo, si fuwele.

Kuandaa sindano kama hii kuna mtego kwa kiwanda cha hapa. Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kilopaskali 82 hivi. Mvuke wa nyuzi 121 unahitaji kilopaskali 205 kamili, yaani ukijumlisha na shinikizo la hewa, kwa hiyo geji ya mashine ya kuua vijidudu inapaswa kusoma 123, karibu 18 kwa kipimo cha psi, si 15 ya vitabuni. Ukifuata 15 joto halifiki. Ukipandisha bila kujua polima yako, joto linaweza kuivua kutoka kwenye fuwele na zote zikagandana ndani ya chupa iliyofungwa.

Kwa muuguzi, kazi ni fupi lakini ina masharti. Chupa ya kabotegraviri hutikiswa kwa nguvu sekunde 10 au zaidi, hadi kimiminika kiwe na weupe sawa bila unga chini. Kikiwa bado na mabaka, hutikiswa tena. Haigandishwi kamwe, kwa sababu barafu husukuma fuwele pamoja na kuzibana. Hupigwa msulini tu, si kwenye mafuta chini ya ngozi, na pale haipapaswi wala kusuguliwa.

Na mteja aambiwe mapema kuhusu mkia. Akiacha sindano, fuwele za mwisho huendelea kuyeyuka kwa miezi 12 au zaidi, zikitoa dawa inayopungua hadi haimkingi tena, lakini bado ipo. Akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi hukutana na dawa hafifu na vinaweza kujifunza kuistahimili. Anayeacha huku bado yuko hatarini anapaswa kuanza tembe za kila siku ndani ya miezi 2 tangu sindano ya mwisho.